Sombe ya shambani, sombe ya sahani

Bujumbura, Jumamosi. Mvua ilinyesha alfajiri, sasa jua. Huu ni mwaka wa ishirini na saba tangu nivuke mpaka kutoka Uvira, Kongo.

Nyumba inanuka rangi, na mimi nimefurahi. Sikulitarajia hilo.

Nyumba hii ya Bwiza tuliinunua miaka tisa iliyopita, na kuta za sebule zimebaki saruji tupu kwa amri yangu. Nilikuwa nikimwambia mke wangu, Mama Neema, kwamba nyumba ya kupita haipambwi. Alivumilia miaka yote hiyo. Mwezi uliopita alisema amechoka kupokea wageni ndani ya ghala.

Nikakubali, kwa sharti moja: iwe kijani ile ya sebule ya marehemu baba kule Uvira. Nilimweleza fundi Désiré kwamba nataka rangi ya sombe. Nilikuwa nikiwaza majani machanga ya muhogo, yakiwa bado shambani, jua likipenya ndani yake. Jana alifika na ndoo ya kijani kizito, karibu nyeusi. Nikamwambia amekosea.

"Muzee, mi najua sombe ya kwenye sahani," alisema. "Ile ya mu shamba ni majani tu."

Mama Neema alicheka mpaka akakaa chini.

Fundi akachota rangi kidogo kwenye kopo, akaichanganya na nyeupe, akapaka vipande viwili ukutani, kimoja cha sombe mbichi, kingine cha iliyopikwa. Leo nimevitazama tangu asubuhi. Ile nyepesi ilipendeza mpaka saa tatu hivi. Kufika saa sita ilikuwa imepauka kama maji yaliyooshewa mchele. Sebule ya baba ilikuwa na madirisha mapana yanayotazama ziwa. Hii yangu ina dirisha moja, nalo linatazama bati la jirani.

Ile nzito inakula mwanga, na inaonyesha kila kasoro ya lipu. Lakini joto la mchana likiingia, macho yanapumzika juu yake.

Nakiri: nilitaka Désiré anirudishie chumba ambacho hakuwahi kukiona.

Alasiri Mama Neema alisogeza kiti chake karibu na kipande kile kizito, akaniuliza bila kugeuka, "Baba Neema, tunakaa ao tunapita?"

"Tunakaa," nilisema.

Jumatatu Désiré atapaka iliyopikwa kuta zote nne. Nyepesi itaenda chumba cha kulala, ambako asubuhi ndiyo inayohesabika.

Naliandika hapa nisije nikalikana: Uvira sitarudi.