Ni Mimi Niliyemvuta Imelda

Baba Imelda wangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwa mwanao huku Norwe, miguu nimeifunika blanketi ingawa wenyewe wanasema haya ndiyo majira yao ya joto. Hujambo? Kifua chako kinasemaje na vumbi la kupukuchua mahindi? Mama mkwe anakula, au anasusa chakula cha mkono wa mtu mwingine? Mbuzi mwekundu ameshazaa? Mimi mwili wangu ni mzima. Imelda anaendelea, na habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Kwanza nikuombe kitu. Barua yangu ya kwanza najua uliisoma mbele ya jumuiya nzima, na najua ulirudia mara mbili pale nilipoandika jinsi nilivyobadilisha ndege peke yangu, mimi wa darasa la nne, wakati wanaume wenye tai wanaulizana mlango ni upi. Nilitaka uisome. Si wewe uliyesema nitapotea Tabora kabla sijaiona Dar? Lakini hii isome peke yako, ukimaliza uiweke chini ya nguo kwenye sanduku langu. Imelda alikupigia kwenye simu ya misheni akakwambia aliteleza kwenye jiwe, mguu ukavunjika. Hakuteleza, Baba Imelda. Ule ni uongo aliotunga kunisitiri mimi, na tangu autunge silali vizuri.

Unajua mwanao anasomea maji ya ziwani. Kila Jumamosi anachukua kigari chake chekundu anakwenda kuchota maji kwenye chupa ndogondogo, anaandika namba, anarudi. Tangu nimefika ananipakia. Basi wiki tatu mfululizo nimetembezwa kama mke wa waziri. Na anaendesha mwenyewe, nikwambie, upande wa kulia wa barabara kama wanavyotaka huku, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine ananionesha maporomoko ya maji yanayoshuka mlimani kama mtu amemwaga maziwa. Wangemwona wale wa Kakese waliosema mtoto wa kike akisoma sana anaharibika.

Uzuri wa huku siukatai. Lakini mimi nilikuwa naogopa tangu Jumamosi ya kwanza, sikutaka tu aone. Barabara zao zimechongwa ubavuni mwa mlima, chini yako ziwa, juu yako mawe. Halafu ghafla barabara inaingia ndani ya mlima wenyewe, shimo refu lenye taa, na wewe umo ndani na mlima wote uko kichwani kwako. Nilisali kumi zima la rozari kabla hatujatoka. Imelda akasema, "Mama, ukinibana mkono hivyo tutaingia ziwani." Nikamwambia, "Nakushikilia usianguke." Akacheka mpaka machozi.

Kilichonitisha zaidi ni yale maziwa. Meusi, yametulia, hakuna mtumbwi, hakuna mwanamke anafua, hakuna hata mtoto anatupa jiwe. Mimi nimezaliwa karibu na Ziwa Katavi. Kwetu maji yakitulia namna hiyo ujue kuna kitu kimebana pumzi humo ndani. Kwa hiyo kila tukishuka kwenye gari kutembea kandokando ya maji, mimi macho chini, natafuta nyayo, natafuta kinyesi, natafuta majani yaliyolala.

"Mama, huku hakuna kiboko," Imelda akasema.

"Baba yangu mdogo naye aliambiwa hakuna."

"Hakuna mamba pia."

"Nimesikia. Tembea."

Jumamosi ya tatu tulikwenda ziwa la mbali, saa mbili nzima kwa gari. Njia ya miguu imefuata maji, upande mmoja ziwa, upande wa pili msitu wa miti myembamba myeupe na vichaka vya matunda madogo, meusi kama zambarau zilizodumaa. Tulikuwa tunachuma na kula, midomo imetuiva rangi yake. Imelda alikuwa ananisimulia mwalimu wake anavyosifu kazi yake, na mimi namwambia asiseme mbele ya watu, lakini aniambie tena. Tulitembea labda saa nzima. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani polepole.

Ndipo maji yakapasuka mbele yetu.

Kichwa kilitoka majini, Baba Imelda, kikubwa kama beseni la kufulia, majani yananing'inia mdomoni. Halafu mgongo. Mnyama mkubwa kuliko maksai wa Wasukuma, mweusi, miguu mirefu kama ya twiga aliyepunguzwa shingo. Jina lake kwa lugha yao linanishinda. Alisimama kwenye maji, mbali na sisi kama kutoka mlangoni kwetu hadi kwenye choo, akatuangalia.

Imelda akasema kwa sauti ya chini, "Mama, usikimbie. Turudi tulikotoka. Taratibu, tukae hukuhuku karibu na maji."

Wewe si mtu wa ziwani, lakini nimekueleza mara nyingi tulivyofundishwa sisi tangu tunatambaa. Mnyama wa majini ukimkuta, usisimame kati yake na maji. Mwachie maji yake, wewe panda juu haraka. Ndugu zangu wako hai kwa neno hilo. Kwa hiyo nilipomsikia mwanangu anasema tukae karibu na maji, nilijua amesahau, amelainishwa na vitabu. Nikamshika mkono nikamwambia, "Panda juu."

"Mama, huyu si wa majini. Ameingia kula tu. Kwake ni msituni, na huenda huko ana..."

"Panda, nimesema."

Nikamvuta. Na yeye akafuata.

Tulipoingia kwenye vichaka nikaona kitu chekundu kimelala, nikadhani ni mbwa. Kikanyanyuka, miguu inatetemeka. Ndama. Nilikuwa nimempeleka mwanangu mpaka kwa ndama wa yule mnyama, nikamsimamisha katikati, mama huku na mtoto kule. Hata mbuzi mwekundu usingemfanyia hivyo.

Sikusikia anatoka majini, nilisikia kwato kwenye mawe. Imelda alinisukuma nyuma ya mti kwa mikono miwili, nguvu sijui alizitoa wapi, nikaanguka. Nilipoinua kichwa yule mnyama alikuwa juu yake, anapiga kwa miguu ya mbele kama mwanamke anatwanga. Mara tatu. Halafu akamwacha, akaenda kwa ndama wake, wakaondoka wote wawili kama watu wanaotoka misa.

Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti. Mfupa ulikuwa bado umo ndani, Mungu asifiwe, lakini ulikuwa umeelekea usikotakiwa kuelekea. Nilichana kitenge changu, kile cha maua ulichoninunulia, nikatafuta vijiti viwili vilivyonyooka, nikamfunga. Daktari wa huku aliuangalia mkono wangu ule akauliza ni nani aliyefunga. Imelda akamwambia ni mama. Akanipa mkono. Nakuandikia hilo kwa sababu ni kweli, wala siandiki kujisifu. Sifa zote nilizokuwa nazo ziliishia pale kwenye vichaka.

Ukungu ulikuwa umetufikia. Mvua ndogo ikaanza, ile isiyo na sauti. Imelda alikuwa ametapika mara moja, meno yanagongana, midomo imebadilika rangi chini ya ile ya matunda. Nilimvika koti langu juu ya lake. Nikataka kumbeba mgongoni kama zamani, akapiga kelele nilipomgusa tu.

Akasema, "Mama, nisikilize. Inabidi uende kwenye gari peke yako. Pale kuna watu wanachuma matunda, tuliwapita asubuhi."

"Sikuachi hapa."

"Usiponiacha, baridi itaniua. Naijua baridi ya huku." Alisema hivyo bila kulia, kama anasoma namba zake. "Fuata maji. Maji yawe mkono wako wa kushoto. Usiyaache hata ukiona njia nzuri juu. Ukiyaacha utapotea na hakuna atakayejua niko wapi."

Fikiria, mume wangu. Mimi, niende nikanyage ukingoni kabisa mwa maji meusi, kwenye ukungu, ambapo sioni hata mikono yangu, mchana umegeuka kama saa zile ambazo kwetu kiboko anatoka kula. Kila kitu nilichofundishwa na marehemu mama kilikuwa kinaniambia panda juu. Nilimfunika uso kwa kilemba changu nikaondoka.

Nilitembea mguu mmoja majini. Sikuona njia tena, kwa hiyo niliifuata kwa mguu, baridi ikifika kwenye vifundo najua bado niko sawa. Palikuwa na mahali pa matete, na matete yalikuwa yanatikisika bila upepo. Nikasimama. Ukungu ukaachia kidogo, upande wa juu nikaona njia safi, nyeupe, pana, inapanda kwenye miti. Nilisimama pale, na sioni aibu kukwambia kwamba nilijikojolea. Halafu nikaingia kwenye matete. Kumbe walikuwa ni bata. Nilipita nikitaja majina ya watoto wetu wote, walio hai na yule tuliyemzika, kwa sauti, ili nisikie mtu.

Nilipoona wekundu wa gari, pembeni kulikuwa na mzee na mke wake, wana ndoo ya matunda. Lugha sina. Kiingereza changu unakijua. Nikakaa chini kwenye changarawe, nikashika mguu wangu, nikalia kama nimevunjika mimi, halafu nikainuka nikaonesha ziwani, nikasema dokta, dokta. Yule mzee alielewa kabla sijakaa mara ya pili. Mke wake alikimbia kwenye gari lao kwenda kutafuta simu, yeye akachukua mablanketi akanifuata. Nilimpeleka njia ileile, maji mkono wa kulia sasa. Yeye alitaka kukata juu, nikamshika koti nikamkatalia.

Tulimkuta amefumba macho. Niliita, hakuitika. Niliita tena kwa jina lake la utotoni, lile la kwetu. Akasema, "Mama, usipige kelele, nakusikia." Nikakaa chini kwenye tope. Walikuja vijana wanne na machela, wakambeba.

Sasa sikia jambo ambalo linanitesa. Siku ya pili hospitalini, alipotoka chumba cha upasuaji na dawa zimempungua, nilimuuliza, "Wewe ulijua yule mnyama anataka kwenda wapi?"

"Nilijua."

"Na ndama?"

"Nilihisi."

"Sasa kwa nini hukunikatalia?"

Akasema, "Mama, mimi nimewahi kukukatalia lini?"

Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anakumbushwa jina lake. Baba Imelda, sisi tumesifiwa Kasokola nzima kwa watoto wenye adabu. Mimi ndiye ninayesifiwa zaidi, na nimezipokea sifa hizo kanisani na sokoni. Mwanangu alijua nakosea, alijua njia ya kupona iko wapi, akaniacha nimvute kwenye kifo kwa sababu anayemvuta ni mama yake. Nikifumba macho sioni yule mnyama. Namwona yeye anavyonifuata, kimya, mkono wake laini haukazi hata kidogo.

Ametolewa hospitali, amefungwa plasta mpaka juu ya goti, anatembelea magongo. Daktari anasema mguu utapona lakini miezi kadhaa. Tiketi yangu ni ya Jumanne ijayo. Nilishapanga kila kitu kichwani: nitabaki, nitampikia, nitamwogesha, tiketi na ipotee, na wewe utavumilia. Jana nilimweleza, yaani nilimwambia kama ninavyowaambiaga. Alikuwa anakaza magongo yake. Akasema, "Hapana, Mama. Rudi nyumbani. Bibi anakuhitaji, na mimi hapa nina marafiki watanisaidia. Ukibaki nitalala tu kitandani nikuache ufanye kila kitu."

Mdomo ulishafunguka. Maneno yalikuwa tayari, unayajua. Nikaufunga. Nikasema, "Sawa."

Alinitazama kama nimeongea Kinorwe.

Kwa hiyo narudi. Lakini nikwambie ukweli, naogopa kuliko nilivyoogopa kwenye matete. Pale nilikuwa na maji ya kukanyaga. Hapa namwacha mtoto mwenye mguu mmoja, ghorofa ya tatu, kwenye nchi ambayo baridi inaua watu mchana, kwa sababu tu amesema niende. Huenda amenikatalia mara ya kwanza na amekosea, na mimi nimemtii siku isiyofaa. Sijui. Sina wa kumuuliza, ila wewe, na wewe barua hii utaipata nimeshapanda ndege.

Msalimie Mama mkwe, mwambie namletea soksi za sufu. Msalimie shemeji yako Petro, kaka yangu, na mkewe aliyejifungua, nikifika nitamwona mtoto. Msalimie Mama Yusta jirani yetu, mwambie picha za milima ziko tele, lakini habari za mguu mwachie Imelda aziseme mwenyewe akipenda. Wadogo zake Imelda wape salamu zangu mmoja mmoja kwa jina, usiwasalimie kwa jumla.

Njoo stesheni Mpanda unipokee, usimtume mtu. Treni ikichelewa nisubiri. Nikishuka usiniulize Imelda anaendeleaje mbele za watu, maana nitasema vizuri sana, kama kawaida yangu. Niulize tukifika nyumbani, mlango ukishafungwa.

Ni mimi mkeo,
Mama Imelda