Ukuta wa Konstantinopoli

Jinja, 18 Januari 1993

Mpendwa dada Nabifo,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na mama mu wazima. Mimi nipo, kifua tu ndicho kinachonisumbua.

Usishangae kuona naandika Kiswahili. Afande Ouma anayesoma barua zetu hajui lugha yetu ya Kigisu, na asichoweza kukisoma hakitoki gerezani. Basi tutumie kile Kiswahili cha kambi ya jeshi alichotuachia marehemu baba.

Nina shida, dada. Bado niko kwenye shimo la matofali, nakanyaga udongo kutwa nzima, maji hadi magotini. Juzi nilikohoa damu. Nyapara alisema ni papai nililokula. Papai nimelipatia wapi?

Kuna bahati moja. Shule ya humu ndani inatafuta mwalimu kati yetu wafungwa, na mwalimu anafanya kazi pakavu, analala pakavu. Bwana Ofisa wa Ustawi atatuhoji wiki ya Pasaka. Atauliza historia ya dunia, tangu miji ya kwanza ya binadamu mpaka ile Renesansi ya Ulaya, kwa sababu ndilo somo alilosomea yeye. Mshindani wangu ni Waiswa, karani wa zamani wa Buwenge, mwenye kidato cha nne. Mimi unajua niliishia cha pili. Wewe uko chuo cha ualimu, una maktaba. Nitumie dunia yote, kidogo kidogo. Nikibaki shimoni mpaka mvua za Aprili zishike, hamtaniona tena.

Kaka yako,
Yekosofati


Mbale, 27 Januari 1993

Kaka yangu mpendwa,

Hujambo lakini? Sisi hatujambo, mama na miguu yake ile ile na malalamiko yake yale yale. Nilipomsomea barua yako alikunja uso, akasema Kiswahili ni lugha ya askari waliokuwa wakituvunjia milango. Kisha akaniambia nirudie pale pa damu.

Inaniuma sana. Ulifungwa kwa kuvusha kahawa ya magendo kwenda Kenya, na leo kahawa hiyo hiyo wanaiuza hapa mjini mchana kweupe, wewe bado unakanyaga udongo. Haya, tusilie. Tusome.

Anza na Sumeri, kati ya mito miwili kule Iraki. Hao ndio waliotangulia kujenga miji na kuandika, na waliandika juu ya udongo mbichi, kwa hiyo shimoni uko kazini kwa Wasumeri. Fuata Babeli: Hamurabi na sheria zake, jicho kwa jicho. Kisha Misri: Naili ilifurika ikaacha rutuba, watu wakashiba, mafarao wakajengewa piramidi. Mto wenyewe ni huo unaoanzia hapo kwenu. Ugiriki na Roma nimeziandika kwenye karatasi za ndani. Soma kwa sauti, ndivyo ulivyoishika katekisimu.

Mdogo wako,
Nabifo


Jinja, 20 Februari 1993

Dada Nabifo,

Nakusalimu, na mama pia. Mimi naendelea hivyo hivyo, homa inakuja jioni na kuondoka asubuhi.

Nimepata njia ya kukariri. Wakati wa kukanyaga udongo huwa tunaimba, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia. Sasa mimi naanzisha, "Sumeri!" Wanaitikia, "Mito miwili!" "Hamurabi!" "Jicho kwa jicho!" Shimo zima linajua mafarao. Hata Waiswa anaitikia, mjanja yule, anasoma kwa jasho langu.

Ila Roma yako ilinifikia ina majeraha. Umeandika kwamba watumwa wapiganaji walitoroka kambini, halafu nusu ukurasa ni wino mweusi. Nilimwuliza Afande Ouma waliishia wapi. Akasema, "Hiyo walikamatwa. Soma ingine." Afande, kama unasoma hapa, jambo sana.

Niharakishie yaliyotokea kati ya Roma na Renesansi. Waiswa ana akili, mimi nina wewe tu.

Kaka yako,
Yekosofati


Mbale, 1 Machi 1993

Kaka Yekosofati,

Habari za homa? Mama amekutumia mizizi ya dawa, sijui kama wataipitisha. Anakuombea asubuhi na jioni mpaka majirani wamechoka.

Humu nimeweka Bagdadi na wataalamu wake wa hesabu, Timbuktu na vitabu vyake, vita vya msalaba, na tauni iliyokaribia kuimaliza Ulaya. Lakini kazana na Konstantinopoli, mji ulioanguka mwaka 1453. Mwalimu wetu anasema maswali mengi hutoka hapo, kwa sababu wasomi wa Kigiriki walikimbilia Italia na vitabu vyao, Renesansi ikapata nguvu.

Nimekuchorea ramani ili uelewe vizuri. Kuna handaki la maji, ukuta wa nje, ukuta wa ndani. Pale nilipotia msalaba ni mlango mdogo ambao inasemekana walinzi walisahau kuufunga, Waturuki waliouzingira mji wakapenya. Ikariri mpaka uweze kuichora umefumba macho.

Renesansi yenyewe inafuata.

Mdogo wako,
Nabifo


Mbale, 29 Machi 1993

Kaka mpendwa,

Hujambo? Mbona kimya? Au barua yangu haikufika? Nimeandika humu Renesansi yote: matajiri wa Florensi, wachoraji, mashine ya kupiga chapa, watu walioanza kuuliza maswali ambayo walikuwa wamekatazwa. Imenichukua Jumapili nzima.

Pasaka ndiyo hiyo inakuja. Niambie basi kwamba umeipata. Mama ananiuliza kila nikirudi kutoka posta, na mimi nimeanza kumdanganya.

Mdogo wako,
Nabifo


Jinja, 30 Aprili 1993

Dada Nabifo,

Salamu. Mwandiko huu ni wa Waiswa, mikono yangu imevimba. Barua haipiti kwa afande, inatoka na mtu anayemaliza kifungo chake kesho.

Afande Ouma aliona ramani. Gereza letu nalo lina ukuta wa nje na wa ndani, na upande wa jikoni kuna mlango mdogo unaoelekea mtoni. Walinitoa shimoni, wakaniwekea barua yako na ramani mbele, wakaniuliza, "Huyu Mturuki ni nani? Iko wapi?" Nikasema alikufa zamani sana, afande. Wakasema, "Nani aliua yeye? Wewe ulijua aje?" Kila nilipotaja mwaka wa 1453 walidhani ni saa ya kijeshi, 14:53, kwa kuwa saa tisa kasoro dakika saba mchana ndipo walinzi wanapobadilishana zamu. Walinipiga, dada. Kisha nikafungiwa peke yangu, chini kuna maji, mpaka Pasaka ikapita.

Waiswa ndiye mwalimu. Simlaumu, analia huku akiandika.

Usitume historia tena. Mama asijue.

Kaka yako,
Yekosofati


Mbale, 14 Mei 1993

Kaka yangu,

Nitakusalimu vipi? Mimi ndiye niliyechora msalaba ule. Nisamehe, kaka. Sili, silali, nikifumba macho naiona kalamu yangu.

Nilikuja Jinja Jumatatu na kitabu chenyewe nilichonakilia ramani. Hawakuniruhusu kukuona. Afande Ouma aliifungua ile picha ya ukuta, akaitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe hiyo mji iko kweli." Basi. Hakusema pole. Akanipeleka kwa Bwana Ofisa, naye alicheka mpaka akavua miwani kujifuta machozi. Nilitamani kumrushia kitabu. Lakini nilipiga magoti, nikamwambia kaka yangu anajua dunia yote na anakufa. Akasema shule inaweza kuwa na walimu wawili, na mwisho wa mwezi atakuhoji.

Renesansi hii hapa tena, pamoja na Bagdadi na Timbuktu, safari hii kwa ruhusa. Jibu tu anachouliza, kaka. Ukipita utahamia bweni la juu siku hiyo hiyo, ameniahidi kwa kinywa chake. Mama sasa anajua yote. Amesema nikuandikie kwamba lugha yoyote itakayokutoa humo ni nzuri.

Mdogo wako,
Nabifo


Jinja, 31 Mei 1993

Dada Nabifo,

Nakusalimu. Sasa naweza kushika kalamu. Hii pia inatoka kwa mkono wa mtu.

Nimehojiwa leo. Sumeri nilijibu. Hamurabi, Naili, Timbuktu, nilijibu yote, nikaitaja na mashine ya kupiga chapa kabla hajaifikia. Bwana Ofisa alifurahi, akageuka akamwambia Afande Ouma, aliyesimama mlangoni, "Huyu mtu unamweka kwenye matope?" Nilijiona tayari niko pakavu.

Kisha akatabasamu, nadhani kwa kukumbuka kile kisa cha ramani. Akasema, "Haya, la mwisho, jepesi. Tueleze Konstantinopoli ulivyoanguka."

Nilikuwa nauona, dada. Handaki, ukuta wa nje, ukuta wa ndani, mlango. Nikamtazama afande. Hakuwa amenuna, wala hakuwa na fimbo. Alikuwa ananitazama tu. Mkojo ukanitoka. Nikasema, "Sijui, bwana."

Akaniuliza tena kwa upole, kama unavyomwuliza mtoto. Nikasema, "Sijui, afande. Mimi sijui ukuta wowote."

Akafunga faili. Kesho narudi shimoni. Usinikasirikie.

Kaka yako,
Yekosofati


Mbale, 4 Julai 1993

Kaka mpendwa,

Hujambo? Nimekuandikia mara kadhaa na sipati neno. Sikukasirikii. Nilikasirika ile siku ya kwanza tu, tena si kwako, nikaitupa sufuria ya mama uani, akaja akaniokota mimi badala ya sufuria.

Mtu aliyetoka huko alipita hapa sokoni. Anasema siku hizi shimoni haanzishi mtu wimbo. Nilipomwuliza habari zako alisema ana haraka, gari linamwacha.

Ijumaa nakuja. Wasiponiruhusu nitakaa langoni. Lakini kabla ya Ijumaa nijibu, kaka, hata kwa mkono wa Waiswa. Sitaki habari nyingine yoyote. Andika tu kwamba hujambo, hata kama si kweli.

Mdogo wako,
Nabifo