Swali la Maji Sikumuuliza

Mpendwa Baba,

Naogopa. Nimeona nianze na hilo hata kabla ya salamu, maana wewe hukupenda mtu azungukezunguke. Nimekaa kwenye gati ya Mokowe nasubiri boti ya kwenda kisiwani Manda. Dumu la maji liko miguuni pangu, na naandikia gotini, mwandiko wangu huenda usiutambue.

Unamkumbuka yule askari aliyekuja shambani kwetu Kililana kutaka mtoto wa mbwa? Ulimkalisha kwenye benchi ukamhoji kuliko yeye alivyozoea kuhoji watu. Maji ya mbwa yatatoka wapi? Mvua ikinyesha atalala wapi? Ukihamishwa, utakwenda naye? Jamaa akacheka.

"Mzee, hata nilipooa sikuulizwa hivi."

"Basi mimi nakuuliza."

Akaondoka mikono mitupu. Alirudi wiki iliyofuata, ukamfukuza tena, na safari ya tatu ukaenda mwenyewe kukagua kwake ndipo ukampa. Mimi nilijificha jikoni kwa aibu. Watu walikuwa wakisema Mzee anatoa mbwa kama anayeoza binti, na hawakukosea sana. Kila mnunuzi ulimtaka alete shati alilolivaa, lisilofuliwa, watoto wa mbwa walilalie wiki nzima pamoja na mama yao, ili mmoja akiondoka aende kwenye harufu anayoijua. Kisha ulimshika mtu mkono ukamwambia, "Siku akikushinda, mrudishe kwangu. Usimwache popote." Yule askari alipohamishwa alimrudisha kweli, machozi yakimlengalenga, nawe ukampikia chai.

Sasa wewe hupo, huu mwaka wa pili tangu tukuzike, na Malkia, yule mbwa wako jike, amezaa watoto watatu. Akaja bwana mmoja kutoka Manda, ananukia vizuri, ana adabu, ananiita Bi kila baada ya maneno mawili. Alinionyesha kwenye simu picha za nyumba anayoisimamia: baraza la makuti, bustani, bwawa la kuogelea. Nikalitazama bwawa lile nisiulize maji ya kunywa yanatoka wapi, mimi niliyekulia huku, ninayejua kwamba Manda maji matamu huletwa kwa boti. Shati alileta jipya, bado limo kwenye karatasi ya duka. Nililiona, Baba, nikaona haya kumwambia. Nilijiambia mambo yako yalikuwa ya kizamani, nikampa yule dume mwenye doa jeupe kifuani siku hiyo hiyo. Na lile neno lako la kumrudisha sikulisema.

Juzi nilipanda boti kwenda Amu sokoni, nikamuuliza nahodha habari za nyumba ile.

"Imefungwa, Bi. Wenyewe wamekwenda zao, na yule bwana msimamizi naye hayuko. Lakini yuko mbwa hulia kule. Kila nikishika ndia ya kupita pale humsikia, na moyo waniuma."

"Tangu lini?"

"Leo siku ya pili."

Ningemwambia ageuze boti pale pale. Sikumwambia. Nilinunua vitu vyangu nikarudi nyumbani, nikapiga simu ya yule bwana mpaka nikachoka. Haipatikani. Jana nilishinda shambani nikijidanganya kwamba huenda kuna mtu ameshampa maji. Ukweli ni kwamba niliogopa nitakachokikuta. Nimeogopa tangu juzi, na muda wote huo yeye alikuwa na kiu. Hilo ndilo nisilojisamehe.

Wamebaki wawili, na watu wanawataka. Jana jioni mwalimu mmoja, mama wa makamo, alinipigia simu. Nikamtupia maswali yako yote bila kupumua, la maji likiwa la kwanza. Nikadhani nimemkasirisha.

"Rudia la tatu," akasema. "Naandika."

Nilikaa chini nikalia. Ndiyo kwanza nikaelewa kwamba mtu anayemtaka mbwa kwa moyo haudhiki akiulizwa, na kwamba aibu yangu ya miaka yote ile haikuwa na maana yoyote. Lakini nimeelewa nikiwa nimechelewa. Nikimkuta hai, atarudi kulala na mama yake. Nikimkuta amekufa nitamzika mwenyewe, kisha sijui nitamtazamaje Malkia.

Sasa naandikia kwenye boti, nisamehe mistari inapinda. Paa la nyumba linaonekana, na geti lina kufuli. Uniombee huko uliko, Baba, na kama una hasira nami, ninazistahili.

Nahodha amezima injini ili tusikilize. Sisikii mbwa akilia. Hata hivyo nashuka, maana aliyemleta huku ni mimi.

Binti yako