Asubuhi Kivinjari Kilipogoma

Baba watoto,

Nimekwenda hospitali kwa dada. Watoto wakirudi shule wape chakula kilichoko jikoni, kisha waache kwa jirani. ~~Waambie mama mkubwa hajambo.~~ Usiwaambie lolote, nitawaambia mwenyewe.

Ile antivairasi uliyoweka jana juu ya ile ya zamani imekifungia kivinjari. Leo nimebonyeza, kikazunguka weee, kikatoweka. Nikazima kompyuta, nikawasha tena. Wapi! Simu yangu iko kwa fundi, wewe umeshatoka, na dada ananisubiri kwenye video kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji.

Mwishowe nikaizima antivairasi yenyewe. Kivinjari kikafunguka papo hapo. Akapokea muuguzi.

"Dada yako ameshaingia," akasema. "Alikataa kusukumwa mpaka akuone. Tulimbembeleza sana."

Nikamwomba asikate. Nikakaa nikitazama kitanda kitupu hadi daktari alipotokea, barakoa mkononi. "Pole, mama," akaniambia. Sikusikia mengine.

Ukifika, ondoa antivairasi moja, mbili hazipatani. Itakayobaki iwekee ruhusa ya kivinjari. Kaka atapiga kwa video jioni tupange mazishi, na yeye yuko mbali, hana njia nyingine.

~~Sikulaumu.~~ Nakulaumu, mume wangu, na najua ulitaka kutusaidia. Lakini njoo. Wamesema nikamtambue mochwari, na mlango ule siwezi kuuingia peke yangu.

Mama watoto