Wali kwa Mkono

Nyumbani Rayners Lane, Jumapili usiku

…na uchovu wa ndege haujanitoka, lakini sijutii hata tonge moja la Kuala Lumpur. Binti yangu Salma alitaka tule kwenye mikahawa ya ghorofani. Mimi nikamvuta hadi soko la usiku, kwenye wali wa nazi uliofungwa jani la mgomba. Nikanawa, nikala kwa mkono.

"Mum, please, tumia fork!" akaninong'oneza.

Alinikera. Mimi mtu wa Unguja, wali siuchomi kwa chuma. Ila naogopa ananionea haya.

Mama muuzaji akacheka, akaniongezea samaki bila kuombwa.

Leo nimepika wali wa nazi, nikamwekea Salma uma wake. Ameutazama, kisha akainuka kwenda kunawa mikono.