Taa ya Mke Wangu Inamaliza Betri

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheke mapema, ngoja nimalize. Mimi nauza taa zinazojiwasha mtu akipita, shule tulikosana mapema lakini ukinipa bisibisi sikuangushi. Mke wangu kapata kazi ya kushona kiwandani, mbali, mkataba mrefu, basi nikamtengenezea kidude cha rada chenye chipu ndogo kama ukucha, kakiweka kando ya kitanda chake, akiingia chumbani tu huku kwangu taa inawaka kwa mtandao, najua bibie karudi, nakula nayo, naisalimia, mpaka jirani kaanza kunihurumia. Shida ni hiyo chipu, ina njaa kuliko mashemeji zangu. Niliitegesha iangalie mfululizo bila kusinzia, hata mwenzangu akilala tuli isikie kifua kinavyopanda na kushuka, maana sitaki kukosa hata dakika yake. Sasa betri inakata kila siku, naye anarudi mgongo unamuuma, aanze kuchaji. Jana kanipigia: "Baba, hiki kitu chako kinanyonya kama mtoto mchanga. Kipunguze ulafi au nakizima."

Nikamwambia, "Kizime uone kama sijaja kwa miguu."

Akacheka, halafu akakata simu bila kuniaga. Huko kukata simu ndiko kumeniandikisha barua. Naweza kuitegesha ichungulie kidogo, ilale, ichungulie tena, betri itakaa wiki na wiki, ila taa itachelewa kuwaka, na yeye akilala tuli haitamsikia, taa itazimika, nibaki na ukuta. Nifanyeje?

Muuza Taa

Muuza Taa, pole. Sikukucheka, isipokuwa pale kwa jirani. Lakini wewe umemkumbuka mkeo mpaka umempa kazi ya pili: mchana anashona, jioni anailisha rada yako. Na ulimuuliza kama anataka kusikilizwa anavyopumua usingizini? Hukuandika, basi hukumuuliza. Mtu akilala aachwe alale, hata na anayempenda.

Itegeshe hiyo chipu ichungulie na kulala, leo hii. Kisha mpigie, muombe radhi, umwambie swichi ni yake: akitaka ujue yupo ataiwasha, akichoka ataizima, na usimhoji. Zitakuwepo jioni utakula na ukuta. Kula. Taa uliyonayo sasa inawashwa na chipu. Swichi ikiwa yake, siku ikiwaka utajua kaiwasha yeye.