Mkia wa Namba Tisa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima wa afya, wewe na shemeji, pamoja na yule mpwa wangu ambaye mama anasema siku hizi haambiliki. Mgongo wako umepata nafuu? Mimi sijambo, ila nina mafua ya vumbi ambayo nimeyazoea kiasi kwamba yakiondoka nitayaulizia. Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Juma hili nimeishika simu mara nne na kuirudisha mezani mara nne. Ningepiga, ungenikatiza, nami ningepata upenyo wa kugeuza mazungumzo. Kwa hiyo nimenunua karatasi, nimeketi mchana huu wa mapumziko, na ninakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu neno.

Kwanza habari za kazi. Wewe unadhani bado napaka rangi pikipiki. Niliacha brashi miezi minane iliyopita, sikukwambia kwa sababu nilitaka kwanza nihakikishe sitafukuzwa. Karakana yetu, kama unavyojua, inachukua pikipiki ya mtu, inaivua nguo zote mpaka ibaki mifupa, halafu inaijenga upya kwa umbo analolitaka mwenyewe. Hizo nguo mpya ndizo shughuli yangu: madigadi, kava la mbele, na hasa mkia, lile kava la nyuma ya kiti linaloifanya pikipiki ionekane inakimbia hata ikiwa imeegeshwa. Zote ni za faiba. Hatuzitengenezi sisi. Zinatoka kwa mafundi wa miji mbalimbali wanaofanya kazi uani kwao, wakala anazikusanya, na mimi nazipokea na kusema hii ndiyo, hii siyo. Wewe uliyefanya kazi kwenye kiwanda cha matangi ya maji huhitaji kuelezwa faiba ni nini, lakini niache nieleze, maana nilikuwa sijui kwamba kitu cha namna hii kinaweza kumfanya mtu mzima asimame mdomo wazi.

Aliyenifundisha ni mwenye karakana, ambaye wote tunamwita Mzee Sikio. Siku ya kwanza alinipa madigadi yenye kung'aa kama kioo cha kinyozi, akaniuliza naionaje. Nikaisifu. Akaigeuza nyuma, akaniambia kwamba usoni kila kitu ni kizuri, na kwamba mimi ni mpaka rangi kwa hiyo natongozwa upesi. Kumbe nyuma ndiko kuna habari zote. Nyuma unaona kama nyuzi za kioo zimelowa gundi ya rezini sawasawa au zimebaki kavu na nyeupe. Unaiinua dirishani, mwanga unapita, na mapovu ya hewa yanajitokeza kama dengu. Unapitisha kidole gumba ukingoni kujua wapi fundi alibania na wapi alijaza puti kuficha aibu. Unanusa. Mwisho unachukua sarafu ya zamani, ile anayoitunza kwenye mfuko wa shati, unagonga polepole toka mwanzo hadi mwisho na kusikiliza. Kazi nzuri inalia ting', ting', ting'. Palipo na upenyo ndani sauti inakuwa bubu. Nilipomwona mara ya kwanza ameinamia madigadi na kufumba macho, nilidhani mzee wa watu amechanganyikiwa. Miezi miwili baadaye na mimi nilisikia, dada. Nilisikia povu lenye ukubwa wa punje ya mchele ndani ya kitu kigumu. Siku ile nilirudi nyumbani nikigonga kila mlango.

Sasa sikiliza taratibu zake, maana ndizo zilizonifikisha hapa. Zamani mzee alipitisha kava la mpwa wake kwa sababu ya undugu. Likakatika barabarani, likaingia gurudumuni, na mwenye pikipiki mpaka leo anatembelea mkongojo. Tangu hapo majina yamefutwa. Karani wetu ndiye pekee mwenye orodha, sisi wengine tunaona namba tu, na hata mafundi wenyewe hawajui wamepewa namba gani wala mali yao inakwenda karakana ipi. Kipuri kikikataliwa kinakatwa kwa msumeno palepale, nusu moja inarudishwa kwa fundi na nusu nyingine inatupwa, ili asije mtu akakipaka rangi na kukiuza. Fundi akikatiwa mara tatu mfululizo, namba yake inafutwa na hapokelewi tena. Na kuna sharti la mwisho: kila kipuri kinapumzishwa rafuni siku saba kabla ya kugongwa, kwa sababu rezini ikiwa bado mbichi inanuka na sauti yake ni bubu, hata kama kazi ni safi. Ukigonga kibichi utamhukumu asiye na kosa.

Mzee alikwenda kutibiwa jicho, akakaa huko mwezi na ushei. Aliniachia sarafu. Dada, kichwa kilinivimba. Nilianza kutembea mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, na karani akawa ananiuliza kila asubuhi kama mheshimiwa amelala salama. Wakati huohuo kulikuwa na mteja, daktari wa meno, aliyekuja kila baada ya siku mbili kuulizia mkia wa pikipiki yake. Alinitania kwamba hata yeye anagonga na kusikiliza, na mgonjwa hasubiri siku saba mdomo wazi. Nikaona ana hoja. Nikaanza kugonga vipuri siku ileile vinaposhushwa. Vingi vilikuwa vimeshalala ghalani kwa wakala wiki nzima, kwa hiyo mambo yalinyooka, nami nikajiona nina sikio kuliko Sikio mwenyewe.

Ndipo ukaja mkia wa namba tisa, fundi mpya. Kwa uso ulikuwa mzuri mno, na kwa jinsi nilivyofundishwa, uzuri ule ulinitia shaka. Ulikuwa unanuka rezini. Nikaugonga palepale: bubu, toka mwanzo hadi mwisho. Nikasema huyu amebania dawa ya kugandisha. Nikaukata bila hata kuutazama mara mbili, nusu akaichukua dereva wa wakala, nusu ikaenda pipani. Siku kumi baadaye ukaja wa pili, harufu ileile, ububu uleule. Nikamwambia karani huyu namba tisa atafute kazi nyingine. Nikaukata nao. Namba tisa akawa amebakiwa na nafasi moja.

Lakini safari hii msumeno ulikwenda taratibu, na nusu iliyobaki mkononi niliigeuza kufuta vumbi. Hapo ndipo nilipouona ukingo uliokatwa. Dada, sijui nikueleze vipi. Tabaka tano zilikuwa zimelaliana kama kurasa za daftari jipya, hakuna iliyonyanyuka, hakuna iliyosinyaa. Sikuona povu hata moja. Sikuona uzi mkavu hata mmoja. Na kwenye kona, pale ambapo kila fundi ninayemjua hukunja kile kitambaa cha nyuzi za kioo kikajikusanya na kuacha uvimbe, huyu alikuwa ametoa pembetatu ndogo kwa mkasi, akapandisha ncha moja juu ya nyingine, na tabaka iliyofuata akaitoa pembetatu upande wa pili, ili mishono isikutane. Jambo hilo lilifanyika ndani kabisa, mahali ambapo hakuna mnunuzi wala mkaguzi atakayewahi kupaona. Nilimwita karani. Nilimwita mchomeleaji wetu. Tulisimama watatu tukitazama kipande kisichofika urefu wa mkono, na mchomeleaji, ambaye hakosi la kusema hata msibani, akavua miwani yake ya kazi akapitisha kidole kwenye ile kona. Karani ndiye aliyeniuliza kama nina hakika kwamba hiki ndicho nilichokikataa.

Sikuweza kukitupa. Nilikiweka rafuni, kila siku nikakitazama, na siku ya nane nikachukua sarafu nikakigonga. Kililia. Kililia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tangu nianze kazi hii, safi na ndefu, nusu kipande tu lakini karakana nzima iligeuka. Nikakaa sakafuni. Ulikuwa mbichi tu, dada. Ulihitaji siku saba za kulala, basi.

Na ile kona haikuniacha. Usiku nikifumba macho naiona. Nilijua nimeiona mahali, na siku moja nikiwa nafunga kola ya shati langu la kazini ikanijia: ndivyo mama anavyokata kitambaa cha ndani ya kola. Pembetatu, ncha juu ya ncha, safu ya pili upande mwingine. Sisi wawili tulikaa chini ya cherehani yake tukiokota zile pembetatu. Nikampigia mama, nikajifanya nasalimia, nikauliza siku hizi dada anafanya nini. Mama aliniapisha kwanza nisiseme. Kisha akanieleza kwamba uliacha kiwanda cha matangi nusu mwaka sasa, kwamba una kalibu moja ya kutolea mikia uliyoichonga mwenyewe uani, kwamba unamaliza kazi siku ileile wakala anapopita, na kwamba kuna mshenzi mmoja mahali fulani amekukatia mikia miwili. Alisema umeapa ukirudishiwa wa tatu, au jibu lake likichelewa, utaivunja kalibu kwa nyundo na kurudi kwenye matangi. Akaniuliza mtu wa aina hiyo amelelewa na nani. Nikamwambia ni kweli mama, ni mshenzi.

Bila shaka umeshajua kabla sijafika hapa. Mshenzi ni mimi. Mimi ndiye niliyekata kazi yako, kwa mikono hii, mara mbili. Na lililo baya zaidi ni hili: kitabu cha ukaguzi kina safu ya kuandika kama kipuri kimepumzishwa, na mara zote mbili niliandika ndiyo, siku saba, nikatia sahihi. Mkia wako wa tatu ulikuwa umeshafika siku ile niliyoongea na mama. Ningeweza kuupumzisha na kuupitisha kimyakimya, nisimwambie mtu. Nisikufiche, niliwaza hivyo siku mbili nzima, na wazo lilikuwa tamu. Lakini ungebaki na alama mbili nyekundu ambazo hukustahili, na ningekuwa nimekupitisha kama mzee alivyompitisha mpwa wake. Tena kila ukinisimulia habari za yule mshenzi ningetikisa kichwa pamoja nawe mpaka uzeeni.

Mzee aliporudi nilimweleza yote mbele ya karani: kugonga kabla ya wakati, kitabu, na kwamba nimemjua namba tisa. Nilitegemea mvua ya matusi. Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, nikamrudishia sarafu, akafungua kitabu akafuta mistari miwili na kuandika pembeni kwamba kosa ni la mkaguzi. Kisha akaniambia nivae barakoa nikajiunge na wanaopiga msasa.

Mkia ulipotimiza siku saba, alfajiri hakuna aliyechelewa kazini. Mzee aliuchukua, akaugeuza nyuma, akaupeleka dirishani na lile jicho lake jipya, akakaa nao pale mpaka tukadhani amesinzia. Akapitisha kidole gumba ukingoni mara mbili. Akaagiza mashine zote zizimwe. Halafu akagonga, toka mwanzo hadi mwisho, na hakuna pahala sauti ilipobadilika hata kidogo. Alipomaliza alianza tena upya. Hakuwa anakagua tena, dada, alikuwa anasikiliza tu. Tukaufunga kwenye pikipiki ya daktari wa meno, na bolti zote nne ziliingia kwa vidole, bila tupa, bila nyundo, bila mtu kutukana. Sijawahi kuona. Mzee, ambaye sifa yake kubwa kuliko zote ni kusema tuendelee, safari hii aligeuza ndoo akaikalia, akatuomba tumwache na ule mkia kwa muda.

Baadaye alimwambia karani afungue orodha asome jina, jambo ambalo halijawahi kufanyika, na akaagiza mikia sita. Barua ya karani itakufikia kupitia kwa wakala, lakini wakala hafiki kwenu mpaka mwisho wa mwezi, nami naogopa nyundo yako haitasubiri. Ndiyo maana ninaandika leo na kuituma leo. Msasa sio mbaya, ingawa nitakuwa mwongo nikisema sioni haya kila mzee anapotoa sarafu.

Msalimie sana shemeji, mwambie mpwa wangu mjomba anamkumbuka, na mama mwambie wewe mwenyewe mshenzi ni nani, kwa maneno utakayoona yanafaa. Sikuharakishi kunisamehe. Ila ujue kwamba tangu sasa hapa hakuna atakayekata tena kazi yako kwa msumeno, kwa hiyo hakuna atakayeona yaliyomo ndani. Tumeyaona watatu tu, kwa kosa langu, na mimi sijapata kuona kitu kizuri kuliko kile. Tafadhali dada, usivunje kalibu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukiniita Kifungo